Mali ya Mteja Iko Wapi Leo?

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali juu ya namna Taifa linavyosimamia kampuni za uwekezaji na mawakala wa hisa.



Mtumishi anapostaafu hupewa kiinua mgongo chake kwa mara moja. Fedha hiyo ni jasho la miaka 30 au zaidi, na hakuna mwajiri atakayempa nyingine. Tangu siku anapoipokea, mstaafu huanza kupata marafiki wapya. Yupo atakayemshauri anunue basi dogo, yupo atakayemtajia kiwanja, na yupo atakayemwambia kwamba busara ni kununua hisa, hatifungani au vipande vya mfuko wa uwekezaji. Ushauri huo wa mwisho si mbaya hata kidogo. Lakini una sharti moja ambalo halisemwi sana. Ili mtu anunue hisa, hapana budi amkabidhi fedha yake mtu mwingine, ambaye si ndugu yake wala jirani yake, kisha arudi nyumbani akiwa na karatasi mkononi.

Maswali yanayozaliwa na sharti hilo ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Huyo aliyekabidhiwa fedha anaangaliwa na nani? Anaangaliwa kwa njia gani? Na msimamizi akisinzia, hasara humwangukia nani?

SOKO LISILO NA MEZA

Katika soko la Kariakoo mnunuzi wa ndizi huona mkungu, huugeuza, hubishana bei, hulipa na kuubeba. Muuzaji akimdanganya, udanganyifu hauvuki siku tatu, kwa sababu ndizi mbichi na ndizi mbovu hazifichiki. Soko la hisa haliko hivyo. Mnunuzi haruhusiwi kuingia mwenyewe na kununua. Humtuma wakala mwenye leseni. Haioni bidhaa, kwa kuwa bidhaa yenyewe ni haki tu: haki ya kumiliki sehemu ya kiwanda cha saruji au ya benki, na kupata gawio faida inapopatikana. Haki hiyo siku hizi haiandikwi hata kwenye cheti kizuri cha kutundika ukutani. Ni tarakimu katika daftari la kompyuta.

Kwa hiyo hatari ya soko la hisa ni ya namna mbili, na ni muhimu zisichanganywe. Ya kwanza ni hatari ya biashara yenyewe. Kampuni yaweza kupata hasara, bei ya hisa ikashuka, na mwenye hisa akapungukiwa. Hatari hii hakuna serikali iwezayo kuiondoa, wala haifai kuiondoa, maana ndiyo bei ya matumaini ya faida. Ya pili ni hatari ya aliyekabidhiwa. Kampuni inastawi, bei imepanda, gawio limetangazwa, lakini mwenye mali hana mali kwa sababu wakala aliila njiani. Hatari hii ya pili ndiyo iliyofanya mataifa yaunde vyombo vya kusimamia mawakala na kampuni za uwekezaji.

CHOMBO KILICHOTANGULIA SOKO

Hapa Tanzania chombo hicho ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Historia yake ina jambo moja la kuzingatia. Mwezi wa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, na kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na benki binafsi wala soko la hisa nchini. Sheria ya mabenki ya mwaka 1991 ilifungua tena mlango wa mabenki binafsi. Miaka 3 baadaye ikaja sheria ya masoko ya mitaji. Soko la Hisa la Dar es Salaam liliandikishwa mwaka 1996, na biashara ikaanza Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, TOL, iliyojulikana zamani kwa jina la Tanzania Oxygen.

Maana yake ni kwamba msimamizi alizaliwa kabla ya anayesimamiwa. Mambo hayakuwa hivyo kila mahali. Marekani ilikuwa na soko la hisa tangu karne ya 18, lakini tume yake ya kusimamia dhamana iliundwa mwaka 1934, baada ya anguko la mwaka 1929 kuwafilisi watu wengi. Kenya ilikuwa na soko la hisa la Nairobi tangu mwaka 1954, lakini sheria ya kuunda mamlaka ya kulisimamia ilikuja mwaka 1989, yaani miaka 35 baadaye. Katika miaka yote hiyo mawakala wa Nairobi walijisimamia wenyewe, na wakajijengea desturi zao.

Tangu mwaka 1998 soko la Dar es Salaam limekua hatua kwa hatua. Mwaka 2005 ulianzishwa Mfuko wa Umoja, ambao ulimwezesha mtu wa kipato kidogo kununua vipande na kuunganisha akiba yake na ya wenzake. Mwaka 2008 ziliuzwa hisa za benki ya NMB, na mwaka uliofuata benki ya CRDB ikaorodheshwa. Mwaka 2017 kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania ilikusanya shilingi bilioni 476 kwa kuuza robo ya hisa zake. Kila hatua ya namna hiyo iliingiza sokoni watu wapya, wengi wao wakiwa watu wa mshahara ambao hawajawahi kumwona wakala wa hisa kwa macho.

SAFARI YA SHILINGI MILIONI KUMI

Ili kuelewa kazi ya msimamizi, inafaa kuifuata fedha ya mtu mmoja kutoka mfukoni mwake. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu anayetaka kununua hisa kwa shilingi 10,000,000.

Kwanza anakwenda kwa wakala. Kabla wakala hajafungua mlango wa ofisi yake, Mamlaka inapaswa kuwa imekwisha kumchunguza: wakurugenzi wake ni watu gani, je, wamewahi kufilisika au kuhukumiwa kwa wizi, mtaji wake ni kiasi gani, na wafanyakazi wake watakaozungumza na wateja wana ujuzi gani. Akitimiza masharti hupewa leseni. Leseni hiyo si ya maisha. Ina muda wake, na ina masharti ambayo yakivunjwa yaweza kuiondoa.

Pili, mwalimu analipa. Hapa ndipo sheria inapoweka ukuta wa kwanza. Fedha ya mteja haichanganywi na fedha ya wakala. Huwekwa katika akaunti ya amana, peke yake, na wakala haruhusiwi kuichota ili alipe kodi ya ofisi, mishahara ya makarani au deni lake la benki. Wakala akifilisika, wadai wake hawana haki ya kuigusa, kwa kuwa haikuwa yake hata siku moja.

Tatu, wakala anapeleka agizo sokoni. Anaweza kukosa uaminifu hapa pia. Akijua kwamba mteja mkubwa anakaribia kununua na bei itapanda, aweza kujinunulia yeye kwanza kwa bei ya chini. Au aweza kumshawishi mteja anunue na kuuza kila wiki bila sababu, kwa kuwa kila ununuzi na kila uuzaji humpa wakala ujira. Ndiyo sababu wakala hulazimika kuandika saa na tarehe ya kila agizo, na kuzitunza kumbukumbu hizo ili mkaguzi azione.

Nne, baada ya siku chache za kazi hisa zinaingia katika akaunti ya mwalimu kwenye hifadhi kuu ya dhamana. Huu ndio ukuta wa pili. Hisa hazikai katika kabati la wakala. Zinakaa katika hifadhi, kwa jina la mwenyewe. Wakala hupeleka maagizo tu.

Hali kadhalika katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Meneja wa mfuko huamua nini kinunuliwe na nini kiuzwe, lakini fedha na dhamana za mfuko hushikwa na benki mtunzaji, na mkaguzi wa hesabu huwa ni mtu wa tatu. Mwalimu mkuu yeyote anaifahamu kanuni hii, maana ndiyo inayotumika katika fedha za shule: anayeidhinisha matumizi, anayeshika fedha na anayekagua hesabu hawawi mtu mmoja. Palipo na mtu mmoja anayefanya yote matatu, uaminifu wake ndio ukuta pekee uliobaki.

NAIROBI, 2007 HADI 2009

Mtu aweza kusema kwamba kwa mpango huo hakuna litakaloharibika. Yaliyotokea kwa jirani yanaonyesha vinginevyo.

Katikati ya miaka ya 2000 Kenya ilishikwa na homa ya hisa. Mwaka 2006 hisa za kampuni ya umeme ya KenGen ziligombaniwa na wananchi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, na mamia ya maelfu ya watu walipanga foleni. Watu waliuza ng'ombe, walikopa benki, walivunja akiba zao. Foleni hizo zote ziliishia mahali pamoja: mlangoni kwa wakala.

Wakati huo huo, mawakala walianza kuanguka. Kampuni ya Francis Thuo and Partners ilianguka mwaka 2007. Machi 2008, mwezi ule ule ambao mauzo ya Safaricom yalifunguliwa, kampuni ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya meneja aliyeteuliwa kwa mujibu wa sheria. Baada yake ikafuata kampuni ya Discount Securities. Malalamiko ya wateja yalifanana. Wapo waliokuta hisa zao zimeuzwa bila wao kuagiza. Wapo walioagiza ziuzwe, zikauzwa kweli, lakini fedha ya mauzo haikuwafikia. Hata mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa Kenya, unaotunza akiba za uzee za wafanyakazi, ulipoteza zaidi ya shilingi bilioni 1 za Kenya zilizolipwa kwa wakala kununua hisa ambazo hazikuletwa.

Inafaa kutazama kwa makini ni nini hasa kilichokosekana. Kampuni hizo hazikuwa za vichochoroni. Zilikuwa na leseni za Mamlaka. Zilikuwa wanachama wa soko. Kenya ilikuwa na hifadhi kuu ya dhamana iliyoanza kazi mwaka 2004, kwa hiyo hata ukuta wa pili ulikuwepo. Kosa ni kwamba ukuta ulikuwa na mlango, na funguo za mlango huo zilikuwa mikononi mwa wakala. Wakala ndiye aliyemfungulia mteja akaunti ya hifadhi, ndiye aliyeingiza maagizo ya kuuza, na mara nyingi ndiye aliyempa mteja taarifa ya salio. Mteja asiyeuliza hifadhi yenyewe alikuwa akiuliza habari za mbuzi wake kwa fisi.

Kosa la pili lilikuwa la zamani zaidi. Soko lilikuwa mali ya mawakala wenyewe. Mwenzao alipoanza kuyumba, waliotakiwa kumwajibisha walikuwa ni wale waliokunywa naye chai. Wahenga walikwisha kulisema hilo: kesi ya nyani hapewi ngedere kuiamua.

Fidia ilikuwepo, lakini ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 za Kenya kwa kila mteja. Aliyekuwa na hisa za shilingi 30,000 aliweza kutumaini kuponywa jeraha lake. Aliyekuwa na hisa za shilingi 500,000 alitazamia sehemu ya kumi. Kwa mstaafu, tofauti hiyo ni nyumba isiyoezekwa na mtoto asiyemaliza masomo.

Kenya haikukaa kimya. Kiwango cha mtaji wa wakala wa hisa kilipandishwa hadi shilingi milioni 50. Udhibiti wa mitambo ya hesabu ya mawakala uliimarishwa. Mwaka 2014 umiliki wa soko ulitenganishwa na uanachama wa mawakala, na hisa za soko lenyewe zikauzwa kwa umma. Soko la Dar es Salaam nalo lilibadilishwa kuwa kampuni ya umma mwaka 2015, na mwaka 2016 hisa zake zikaorodheshwa. Hatua hizi zote ni njema. Lakini zilikuja baada ya mwenye mali kuumia.

HATA PENYE WATAALAMU WENGI

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matatizo ya nchi changa, zenye wataalamu wachache na kompyuta chache. Hoja hiyo haisimami. Tume ya Marekani ya kusimamia dhamana ina wanasheria na wakaguzi wengi kuliko vyombo vyote vya Afrika Mashariki vikiunganishwa, lakini ilipitwa na wizi mkubwa kuliko wote wa aina yake.

Bernard Madoff alikuwa wakala mashuhuri wa New York aliyewahi kuwa mwenyekiti wa soko la NASDAQ. Pamoja na uwakala, aliendesha biashara ya kuwekeza fedha za watu. Kila mwezi aliwapelekea wateja taarifa nzuri zenye orodha ya hisa, tarehe za ununuzi na faida isiyoyumba. Hisa hizo hazikununuliwa. Fedha ya mteja mpya ndiyo iliyomlipa mteja wa zamani. Alikamatwa Desemba 2008, na Juni 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka 150. Alifia gerezani mwaka 2021. Taarifa zake za uongo zilionyesha kwamba wateja walikuwa na zaidi ya dola bilioni 60. Fedha halisi walizompa na wasizozipata zilikadiriwa kuwa dola bilioni 17 hivi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Tume ilionywa mapema. Mtaalamu wa hesabu, Harry Markopolos, aliipelekea maelezo yake kwa mara ya kwanza mwaka 2000, akieleza kwamba faida ya namna ile haiwezekani, na akarudia zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Wakaguzi walitumwa. Walikaa katika ofisi za Madoff, wakasoma makabrasha aliyowapa, wakamhoji, wakaondoka. Mwaka 2009 mkaguzi mkuu wa ndani wa Tume hiyo alichapisha ripoti ya uchunguzi wake. Ilieleza kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyekwenda kwa mtu wa tatu kuhakikisha kama biashara ile ilikuwepo. Mwaka 2006 Madoff mwenyewe aliwapa wapelelezi namba ya akaunti yake katika hifadhi kuu ya dhamana. Kama wangeifuatilia namba hiyo, wangeona kwamba hisa zilizokuwa humo ni sehemu ndogo mno ya zile alizodai. Hawakuifuatilia.

Walimu wanamjua mkaguzi wa namna hiyo. Ni yule anayefika shuleni, akaletewa leja ya ghala, akaijumlisha ukurasa kwa ukurasa, akaridhika kwamba hesabu zimelingana, akatia saini na kuondoka, bila kuomba funguo za ghala akahesabu magunia. Leja ya mwizi hulingana siku zote, kwa sababu mwizi ndiye anayeiandika.

Kwa hiyo Nairobi na New York zinatoa fundisho moja. Leseni, mtaji, ripoti za kila robo mwaka na hesabu zilizokaguliwa ni vitu vya lazima, lakini vyote vyaweza kuwepo na mali isiwepo. Usimamizi wa kweli umo katika swali fupi ambalo msimamizi hana budi kuuliza bila kuchoka, na jibu lake alitafute kwa mtu mwingine, wala si kwa yule anayesimamiwa: mali ya mteja iko wapi leo?

MSIMAMIZI ANAHITAJI NINI

Swali hilo likichukuliwa kuwa msingi, mahitaji ya Mamlaka yanaonekana wazi.

Kwanza, ukaguzi usiotangazwa. Wakala akijua tarehe ya ukaguzi, ataazima fedha kwa siku mbili, aijaze akaunti ya amana, na kuirudisha wageni wakishaondoka. Mkaguzi anayefika Jumanne asubuhi bila taarifa, akachukua salio la benki kutoka benki yenyewe na salio la hisa kutoka hifadhi yenyewe, akalinganisha na daftari la wateja, atajua kwa siku moja kile ambacho ripoti nene isingemwambia kwa mwaka mzima.

Pili, watu wenye ujuzi na moyo wa kazi. Mkaguzi wa soko la mitaji hukabiliana na watu wanaolipwa vizuri kuliko yeye, wanaovaa vizuri kuliko yeye, na ambao pengine anatumaini kuajiriwa nao siku moja. Huko New York, baadhi ya wakaguzi waliotumwa kwa Madoff walikuwa vijana wasio na uzoefu mbele ya mtu mwenye jina kubwa, na jina likawashinda. Taifa linalowalipa wakaguzi wake kidogo na kuwapa heshima haba linaweka akiba kwa shilingi na kuipoteza kwa mabilioni.

Tatu, ujasiri wa kuchukua hatua mapema. Kumfungia wakala ni jambo zito. Litaleta minong'ono, wateja watakimbilia mlangoni, na wakubwa watapiga simu. Ni rahisi kumpa muda wa miezi mitatu, kisha mitatu mingine. Lakini shimo la wakala anayekula fedha za wateja halipungui kwa kusubiri. Kila mwezi wa huruma kwa wakala hulipwa na wateja wapya ambao hawajui kinachoendelea. Ni afadhali aibu ya leo.

Nne, taarifa inayomfikia mwenye mali moja kwa moja. Hifadhi imwarifu mwenye hisa mwenyewe, kwa ujumbe wa simu au kwa njia nyingine, kila hisa zake zinapoguswa. Wakala mwizi haogopi sana mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka. Anamwogopa zaidi mteja anayepata habari siku ile ile.

WALIO NJE YA MLANGO

Yako mengine ambayo hata msimamizi hodari hayawezi peke yake. Mamlaka humsimamia yule aliyekuja kuomba leseni. Asiyeomba hana faili, hana mkaguzi, hana akaunti ya amana, na wateja wake hawana mfuko wa fidia.

Tanzania ilijifunza hilo kwa uchungu. Kati ya mwaka 2007 na 2009 taasisi iliyojulikana kwa jina la DECI iliwakusanya maelfu ya watu kwa lugha tamu ya kupanda mbegu na kuvuna. Aliyepanda aliahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi. Waliotangulia walivuna kweli, na ushuhuda wao ukawavuta wengine. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake kadhaa. Waliopanda mwisho walikuwa wamekwisha kuwalipa waliopanda mwanzo.

Neno upatu limeharibiwa na mambo hayo. Upatu wa asili, wa akina mama wa mtaa mmoja wanaopeana zamu, ni jambo la heshima. Kila mmoja anamjua mwenzake, kiasi kinajulikana, na hakuna anayepata zaidi ya alichotoa. Upatu wa ulaghai umechukua jina la ule wa asili ukaacha maana yake. Na leo haupiti makanisani na sokoni tu, bali hupita katika simu za mkononi, mara kwa jina la biashara ya fedha za kigeni, mara kwa jina la sarafu za kompyuta, ukiwa na picha za magari na ushuhuda wa watu wasiojulikana wanakoishi.

Mara nyingi ulaghai huo huota mizizi mahali pasipotazamiwa, yaani katika vyumba vya walimu na katika ofisi za serikali. Sababu ni rahisi. Mtumishi ana mshahara wa uhakika, kwa hiyo anakopesheka. Na mwalimu anaaminiwa kijijini, kwa hiyo neno lake linafuatwa. Mlaghai akimpata mwalimu mmoja amepata kata nzima. Mwalimu huyo hatapoteza fedha yake peke yake. Atawapoteza na wazazi waliomwamini, na Jumatatu inayofuata atasimama mbele ya watoto wao.

WAJIBU WA MWENYE MALI

Ndugu walimu na watumishi, msimamizi ni mlinzi wa soko, si mlezi wa kila mwekezaji. Mengine yamo ndani ya uwezo wa mwenye mali mwenyewe, na hayahitaji elimu ya uchumi.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtu aulize kama kampuni ile ina leseni ya Mamlaka, kisha asiridhike na cheti kilichotundikwa ukutani, bali aitafute katika orodha ya wenye leseni ambayo Mamlaka huitangaza wazi. Aulize leseni hiyo ni ya kazi gani, kwa kuwa leseni ya kushauri si leseni ya kupokea fedha. Alipe katika akaunti ya benki ya kampuni na kudai stakabadhi. Asilipe mkononi wala katika simu ya karani. Awe na namba yake ya akaunti ya hifadhi na kuitunza kama anavyotunza hati ya kiwanja. Angalau mara mbili kwa mwaka aombe salio kutoka hifadhi yenyewe, alilinganishe na lile la wakala. Zikipishana hata kwa hisa moja, aandike barua siku hiyo hiyo, na nakala aipeleke kwa Mamlaka.

Na akiambiwa kwamba faida ni ya hakika, kila mwezi, bila kushuka, basi akumbuke kwamba hiyo ndiyo dalili iliyomshtua mtaalamu wa hesabu kule Marekani. Biashara ya kweli hupanda na kushuka. Kinachopanda siku zote ni hesabu ya kutungwa.

Soko la mitaji likiendeshwa kwa haki ni chombo chenye manufaa. Hukusanya akiba ndogo ndogo za watu wengi na kuzigeuza kuwa viwanda, madarasa na ajira, na humfanya mwalimu wa Kahama kuwa mwenye sehemu katika kiwanda cha Wazo. Lakini chombo hicho husafiri juu ya imani, na imani hailetwi na matangazo wala na jengo refu la ofisi. Huletwa na mkaguzi anayeomba funguo za ghala, na mwenye mali anayehesabu magunia yake bila kuona haya. Mmoja wao akiacha kuuliza, mwingine aendelee kuuliza. Wakiacha wote wawili, atakayebaki na jibu ni mwizi peke yake.